Anzuruni Yupo

Nchi yetu haina jina, na si kwa uzembe. Kamati ya Taifa ya Jina ilianza vikao kabla sijazaliwa, na mpaka leo wajumbe bado wanabishana nani akae kiti cha mbele. Bendera tunayo, mipaka tunayo, na katikati ya mji mkuu tuna Chuo Kikuu cha Mbele, ambacho wageni wa heshima huonyeshwa kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo kukosa jina hakujatusumbua sana.

Chuo cha Mbele ni cha binafsi. Kiko kwenye jengo refu, juu ya maduka ya masufuria na mitumba. Lifti ipo, tena nzuri yenye kioo, ila imehifadhiwa kwa ajili ya Tume ya Ubora inayokuja kila mwaka kukagua. Wanafunzi wanapanda ngazi, na katika kijitabu cha matangazo ya chuo jambo hilo limewekwa chini ya kichwa cha habari "Michezo".

Nayasema haya kwa sababu mdogo wangu Anzuruni alisoma pale. Mimi niliishia kidato cha nne, hivyo kuna mambo ya elimu ya juu ambayo sikuyaelewa mara moja. Nayaandika kama yalivyokuwa, yasije yakanipotea.

Mwaka ule kabla Anzuruni hajaanza masomo, Tume ilisema kwamba chuo hakina maktaba, hakina maabara, na hakina zahanati. Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Balagha, hakukasirika. Alimwita mchoraji. Kwenye ukuta mrefu wa ghorofa ya juu kabisa vikatokea vyote vitatu: rafu za vitabu mpaka darini, meza yenye chupa za maabara, na mlango wa zahanati. Mlango ule nimeuona kwa macho yangu, na siwezi kuukosea heshima. Ulikuwa wa kijani. Ulikuwa na bawaba, tundu la ufunguo, na kitasa cha shaba chenye mng'ao kama kimepigwa na jua la dirishani. Juu yake paliandikwa: Gonga Uingie.

Tume ikapanda na lifti, ikatazama kwa mbali kama ilivyoombwa kwa sababu rangi ilikuwa haijakauka, ikakipa chuo daraja la kwanza.

*

Likizo ya kwanza Anzuruni alikuja nyumbani na rafiki yake wa chumba kimoja, Lubunga, kijana mnene mwenye sauti nzito kama ngoma. Tulikula uani, na Anzuruni ndiye aliyeanza.

"Dada Nyamizi, chuoni kwetu hakuna mgonjwa aliyewahi kumlalamikia daktari."

"Kwa nini?"

"Daktari hajawahi kutoka mlangoni."

Lubunga alicheka mpaka akapaliwa na ugali. Mama hakucheka. Alijua kifua cha mwanawe. Anzuruni alikuwa na pumu tangu anatambaa.

"Zahanati ya rangi!" Mama alisema. "Na wewe ukibanwa, je?"

"Nina dawa yangu ya kuvuta, Mama. Nikizidiwa, Lubunga yupo. Huyu kazi yake ni kunihangaikia."

"Kweli kabisa, Mama," Lubunga akadakia. "Mwanao anakoroma mpaka jua linamchoma miguu, mimi ndiye namwitikia darasani."

Hapo wakatufafanulia desturi yao. Chuo kilikuwa na wanafunzi wengi na wahadhiri wachache, na jambo kubwa lililopimwa lilikuwa mahudhurio. Mhadhiri aliingia ukumbini, akaanza kuita majina, na akifika jina la mwisho, kipindi kimekwisha. Wengine walihitimu uchumi kwa njia hiyo, wengine sheria. Basi wanafunzi wakajipangia: asiyekuwepo anaitikiwa na mwenzake. Kila mmoja alikuwa na mwitikiaji wake, na hakuchaguliwa ovyo. Alikuwa mtu wa kuaminika, kama mshenga.

"Hebu mfanye Mama asikie," Anzuruni alisema.

Lubunga akafuta mdomo, akakaza koo, na kutoka kwenye mwili ule mkubwa ikatoka sauti nyembamba yenye mkwaruzo kidogo mwishoni: "Nipo!"

Mama aligeuka kumtazama Anzuruni. Anzuruni alikuwa anatafuna.

"Mungu wangu," Mama akasema. "Mmeniibia mtoto."

*

Mwaka wa pili, Tume ilipokuwa njiani tena, Profesa Balagha aliagiza ukuta urudiwe rangi. Madirisha yote ya ghorofa ya juu yakafungwa ili vumbi la mjini lisinate. Masomo hayakusimama, kwa kuwa Mbele masomo hayasimami. Majina yaliitwa mle mle ndani, mchoraji akiendelea na kitasa.

Yaliyofuata nayasema kama Lubunga alivyonisimulia, na alinisimulia mara moja tu.

Anzuruni alianza kukohoa kabla jina lake halijafikiwa. Akatoa dawa yake ya kuvuta, akaibonyeza, ikatoa pumzi kavu. Ilikuwa imekwisha. Lubunga akambeba mgongoni, akashuka naye ngazi zote mpaka getini. Pale akamkuta mlinzi, Afande Mgaza.

"Karatasi ya zahanati iko wapi?" Afande Mgaza akauliza.

"Afande, mtu hapumui. Fungua."

"Kanuni inasema mgonjwa anaanzia zahanati. Zahanati ikishindwa, ndiyo anatoka."

"Ile ni picha, Afande! Unajua kabisa ni picha!"

"Mimi sikuajiriwa kujua picha," Afande Mgaza alisema, na Lubunga anakumbuka kwamba alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake. "Nikiwafungulia kabla hamjagonga, kesho hapa getini atasimama mwingine. Nendeni mgonge. Wasipofungua, rudini. Nitafungua mwenyewe."

Basi wakapanda. Lubunga alipanda na Anzuruni mgongoni, mpaka juu, ndani ya ile harufu ya rangi. Akasimama mbele ya mlango wa kijani, akagonga. Akasubiri kidogo, kama inavyotakiwa mtu asubiri mlangoni kwa watu. Akagonga tena. Mchoraji akamwomba asigonge sana kwa sababu anaharibu.

Waliporudi chini, Afande Mgaza aliomba kuona mkono wa Lubunga. Akaona rangi ya kijani kwenye vifundo vya vidole, akaridhika kwamba utaratibu umefuatwa, akafungua geti.

Anzuruni alikuwa ametulia. Lubunga alidhani amepata nafuu.

*

Katika nchi yetu mwanafunzi yuko mikononi mwa chuo mpaka ahitimu. Hospitali haiwezi kuwapa ndugu maiti ambaye chuo chake kinasema yuko darasani. Sheria hii ilitungwa kwa ajili ya kulinda elimu, na inailinda sana.

Nilikwenda kwa Msajili wa Chuo, Bi. Kiteute, mama mpole mwenye sauti ya kubembeleza watoto wachanga. Alinikaribisha kiti, akaniagizia chai.

"Pole na safari, mwanangu. Anzuruni hajambo?"

"Amefariki, mama. Nimekuja mwandikie hospitali tumchukue."

"Aa, usimtabirie mwenzio mabaya." Akafungua daftari la mahudhurio. "Jumatatu alikuwepo. Jumanne alikuwepo. Na leo asubuhi, hebu ona, ameitikia. Mhadhiri ameongeza hapa: 'kwa sauti nzuri'."

Chai yake niliiacha mezani. Lubunga nilimkuta amekaa kwenye ngazi, watu wanamruka kwenda na kurudi. Kabla sijafungua mdomo alisema:

"Ni mimi, dada."

"Kwa nini, Lubunga?"

"Jumatatu sikukusudia. Jina lilitajwa, mdomo ukafunguka wenyewe. Umezoea. Nilishtuka nimeshamwitikia." Alikuwa anakwangua rangi kwenye kucha kwa ufunguo, na haikutoka. "Jumanne ndiyo nilikusudia. Niliona, nikinyamaza, watamfuta. Nikaona bora awepo mahali, hata kama ni humu."

Sikumgombeza. Na mimi nyumbani nilikuwa bado nampakulia chakula chake.

Nyumbani matanga yalikuwa yamekaa bila maziko. Wanawake walijaa sebuleni, wanaume uani, masufuria ya majirani yalikuwa jikoni kwetu, na hakuna aliyejua aseme nini, kwa sababu maneno yote ya msibani yamekusudiwa kwa mtu aliyezikwa au anayekwenda kuzikwa. Mama alikuwa chini kwenye mkeka. Kila niliporudi aliuliza swali moja.

"Wamekupa?"

"Bado, Mama."

"Wanataka alale wapi, basi? Mle kwenye friji na kifua kile?"

*

Profesa Balagha alinipokea mwenyewe. Ofisi yake ilikuwa na maktaba ya kweli. Nilikwenda kugusa kitabu kimoja nikihofia rangi, nacho kikatoka kwenye rafu.

"Dada yangu," alisema, akasimama, kwa kuwa alikuwa hawezi kuzungumza kwa kirefu akiwa amekaa, "tangu kuanzishwa kwake, Chuo cha Mbele hakijawahi kupoteza mwanafunzi. Hakijawahi! Wapo walioahirisha. Wapo waliochelewa. Wapo wanaoendelea kutafakari wakiwa majumbani mwao. Lakini kufa? Kufa ni mambo ya vyuo vya serikali. Sisi tunazalisha viongozi wa kesho, na kiongozi wa kesho hawezi kufa jana."

"Mimi nataka kumzika tu, Profesa."

"Na nani amekukataza? Mzike, tena kwa heshima zote. Ila amalize kwanza shahada."

Labda aliona uso wangu, kwa sababu alikaa, na alipokaa alizungumza kama watu.

"Sikiliza. Tume inaingia Ijumaa. Nikisema amekufa, wataniuliza amefia wapi. Nikisema mlangoni, wataniuliza mlango upi. Nikiwaonyesha mlango, watataka kuufungua. Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Basi unaelewa."

Kisha akanipa njia, na alinipa kwa ukarimu, kama mtu anayetoa kitu chake. Kanuni ya mahudhurio ilisema kwamba mwanafunzi akiitwa mara tatu mbele ya darasa lake lote, asiitike, basi hayupo, na chuo hakina neno tena juu yake. Ijumaa majina yangeitwa mbele ya Tume yenyewe. Nije na mimi nisikilize. "Haki isitendeke tu," alisema. "Itendeke na vinywaji baridi."

Nilimfuata Lubunga bwenini, kwenye kile chumba walichokuwa wakikaa pamoja. Shati la Anzuruni lilikuwa bado limetundikwa dirishani.

"Ijumaa akiitwa, usiitike," nilimwambia. "Waambie na wenzako."

"Wenzangu hawatamgusa. Mwitikiaji wake ni mimi."

"Basi ni wewe."

Alikaa kitandani, kitanda kikalia.

"Dada, unaniambia nimzike mimi kwanza, halafu ninyi ndiyo mfuate."

"Ndiyo, mdogo wangu. Nakuomba hivyo."

Aliinuka akaenda dirishani. Halafu akalishusha lile shati, akalikunja vizuri, mikono nyuma, kama linavyokunjwa dukani, akanipa.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Tume ilikaa mbele, watu wazima waliopendeza, kila mmoja na soda yake. Profesa Balagha alihutubia kuhusu mbele, kisha akamwachia mhadhiri. Majina yakaitwa. Nipo. Nipo. Nipo. Nilikaa ukutani, karibu na zile rafu za vitabu, mikono nimeifungia mapajani.

"Anzuruni Kalinde."

Kimya. Lubunga alikuwa mstari wa katikati. Niliona shingo yake imevimba, mishipa imesimama, amekaza meno kama mtu anayenyanyua gunia.

"Anzuruni Kalinde."

Kimya kikaingia mpaka kwa Tume. Mzee mmoja akaiweka soda chini. Kwenye mistari ya wanafunzi niliona wengine wameziba midomo kwa viganja, kana kwamba hawajiamini.

Mhadhiri alimtazama Bi. Kiteute. Bi. Kiteute alitazama nyuma ya ukumbi.

"Anzuruni Kalinde."

"Nipo!"

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya kikohozi cha sigara. Watu wote waligeuka. Mstari wa mwisho alikuwa amesimama Afande Mgaza, amevalishwa joho la wanafunzi juu ya sare yake, viatu vyake vya ulinzi vinaonekana chini. Alikuwa anatazama dari.

"Huyo ni mlinzi!" Lubunga alipiga kelele, kwa sauti yake mwenyewe. "Huyo ni Afande wa getini!"

"Kijana, keti," mjumbe mmoja wa Tume alimwambia. "Ameitwa, ameitikia. Sisi hatukaguzi sura, tunakagua mahudhurio."

Makofi yakapigwa na wafanyakazi wa chuo. Profesa Balagha alitamka kwamba Mbele ndicho chuo pekee nchini ambacho elimu haina umri, na Tume ikaandika jambo hilo kama ubunifu.

Nilitembea mpaka mstari wa mwisho. Hakuna aliyenizuia. Afande Mgaza hakushusha macho.

"Wewe ndiye Anzuruni?" nilimwuliza.

"Nina watoto, dada," alisema chinichini. "Wawili wako shule. Nisamehe."

"Wewe ndiye uliyemwambia akagonge."

Alilivuta joho lifunike sare. Bi. Kiteute alikuwa ameshafika, amenishika kiwiko kwa ule upole wake.

"Umemwona ndugu yako, mwanangu. Umemsikia. Sasa rudi ukampumzishe mama."

"Na yule aliye hospitali?"

"Yule si wetu."

"Ni wa nani?"

"Si wa mtu. Wako wengi vile, wanaokotwa tu mjini."

"Na asiye wa mtu," niliuliza, "anazikwa na nani?"

Bi. Kiteute alitaka kumalizana nami haraka, kwani Tume ilikuwa inanyanyuka kwenda kwenye chakula. "Na yeyote mwenye huruma," alisema. "Anakwenda tu pale, anasema hamjui, anapewa."

*

Nilimweleza Mama palepale mkekani. Nilitegemea atakataa. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua fundo la khanga, akalifunga upya.

"Kwa hiyo hatutaandika jina."

"Hatutaandika, Mama. Tukiandika watasema ni mwanafunzi wao, watamfuata hata kaburini."

"Jina nilimpa mimi," Mama akasema. "Halikutoka chuoni. Nenda kamchukue."

Hospitali mhudumu alilivuta lile shuka. Alikuwa Anzuruni, na nywele zake zilihitaji kukatwa. Nilikuwa nimembeba yule mtoto mgongoni kabla hajajua kutembea. Kovu la kidevuni alilipata akiwa mikononi mwangu.

"Unamfahamu marehemu?" mhudumu aliuliza.

"Hapana."

"Huna undugu naye?"

"Sina."

"Unamzika kwa nini?"

"Huruma tu."

Alinitazama, akatazama kile kidevu, akanitazama tena mimi. Tunafanana sana, watu wote husema. Akalirudisha shuka na kuniitia vijana wa kumbeba.

Tulimzika siku ileile na shati lake. Habari nilikuwa nimempelekea Lubunga tu, nikidhani tutakuwa sisi wa nyumbani na majirani, lakini tulipofika makaburini tuliwakuta wanafunzi wa Mbele wametutangulia, wamesimama kwa mistari kama walivyozoea ukumbini. Siku ile majina yalikuwa yanaitwa tena chuoni mchana, na sijui nani alikuwa amebaki kuwaitikia wote wale.

Jeneza liliposhushwa, Lubunga alikuja kwenye ukingo. Hakuna aliyemwomba. Vidoleni bado alikuwa na ule ukijani, umebaki kwenye mikunjo tu.

"Anzuruni Kalinde," aliita, kwa sauti yake nzito.

Mama alinishika mkono.

"Anzuruni Kalinde."

Tulisubiri. Watoto wa watu wale wote, waliokuwa wameitikia uongo maisha yao yote ya chuo, walisimama midomo imefungwa, na wengine machozi yanawafika shingoni. Nilijikuta na mimi nasikiliza. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama alivyogeuka siku ile uani.

"Anzuruni Kalinde."

Upepo uliyumbisha majani makavu kidogo, ukaacha.

"Hayupo," Mama alisema.

Ndipo wakaanza kufukia.

*

Chuo cha Mbele kinaendelea vizuri. Mwaka huu Anzuruni Kalinde amehitimu, daraja la kwanza, kwa kuwa hajakosa kipindi hata kimoja. Picha yake imewekwa kwenye kijitabu kipya cha matangazo: mtu mzima mwenye joho, anatazama dari. Nyuma yake unaonekana mlango wa kijani. Naambiwa wameuongezea kengele.